Waraka ni Nusu ya Kuonana

Zamani msemo huu haukukauka kwenye barua. Mtu akishamaliza salamu anaandika, "waraka ni nusu ya kuonana," kisha ndipo anaingia kwenye habari. Maana yake ya haraka kila mtu anaipata: kwa kuwa hatuwezi kuonana, barua hii itukutanishe japo kidogo. Ila wahenga hawakusema habari ni nusu ya kuonana. Walisema waraka, karatasi yenyewe.

Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, lenye maana ya jani au karatasi. Siku hizi waraka tunausikia zaidi wizara inapotoa agizo, au kanisani unaposomwa Waraka wa Paulo kwa Warumi. Majumbani tunasema barua. Na barua kwetu si jambo la juzi. Barua kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na hadi leo zimehifadhiwa Goa, India.

Sasa hiyo nusu inayofika ni ipi? Kwangu mimi ni mkono wa mwandishi.

Nilipokuwa bweni, mama aliniandikia kwenye karatasi za daftari la hesabu, zile zenye vyumba vyumba. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimelalia kulia, na akichoka mistari inaanza kuteremka. Barua zote zilianza vilevile: mimi mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Maneno hayo yaliandikwa na kila mtu, lakini mwandiko ule haukuwa na mwenzake. Siku moja nikakuta neno limekatwa. Nikaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, nikasoma chini ya ule mstari: "naumwa". Mbele yake alikuwa ameandika "napumzika kidogo". Ingekuwa ujumbe wa simu, angefuta na mimi nisingejua lolote. Karatasi ilinieleza jambo ambalo yeye hakutaka kunieleza, na jioni ile ile niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Hiyo ndiyo nusu ninayoizungumzia. Wino huonyesha haraka, uchovu, mahali mtu alipositasita. Hata asiyejua kusoma hupata fungu lake. Bibi yangu alikuwa akisomewa barua na wajukuu, na tukimaliza huiomba, huipapasa, kisha huifunga kwenye pindo la kanga.

Katika barua zote, iliyosahaulika kupita kiasi ni ya shukrani. Tunashukuru kwa mdomo pale pale, au kwa simu, na ni vizuri. Lakini aliyekusomesha, aliyekuuguza, aliyekaa nawe siku zote za matanga, anastahili kitu atakachoweza kukitoa sandukuni na kukisoma tena. Wala haihitaji urefu wala maneno ya hotuba. Siri yake ni kukitaja kitu chenyewe na kilifanya nini. "Asante kwa msaada wako" inaweza kwenda kwa mtu yeyote. Lakini ukiandika, "Shangazi, shikamoo. Ule mchele wa Kyela uliotuletea tuliupika siku ya arobaini ya baba, harufu ikafika hadi kwa majirani, na mama alikula akashiba kwa mara ya kwanza tangu msiba," hiyo ni ya shangazi peke yake.

Ukikosea, kata neno uendelee, usiinakili upya. Karatasi ya daftari inatosha. Bahasha ikikosekana, ikunje mara nne, andika jina lake kwa juu, umpe mtu anayekwenda huko.