Kesi ya Ujenzi Huanzia Kwenye Daftari la Nyapara

Nilipoanza uwakili niliamini mtu hushinda au hushindwa kesi pale Milimani, kwenye mahakama za Nairobi, mbele ya jaji. Miaka ya kushughulikia migogoro ya ujenzi na kawi imenifunza vingine. Mambo mengi huwa yameshaamuliwa mjengoni, kabla wakili hajapigiwa simu.

Mkandarasi mmoja alikuja ofisini kwangu na mfuko wa nailoni uliojaa makaratasi. Alikuwa amekabidhiwa uwanja kwa kuchelewa, mvua za masika zikamkuta bado yuko kwenye msingi. Akakodi pampu za kutoa maji, akalipa vibarua waliokaa tu. Madai yake yalikuwa ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba mkataba wake na mwenye mradi ulifuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yaani kile kitabu chekundu cha 1999, na kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo linalomchelewesha au kumwongezea gharama. Siku hizo zikipita, hapati muda wa ziada wala malipo. Barua yake ya kwanza iliandikwa siku ya 41.

"Wakili, nilikuwa namwambia mhandisi kwa simu kila asubuhi," alisema.

Nilimwamini. Lakini notisi ni maandishi. Tukamwaga makaratasi yote mezani, na katikati tukakuta daftari la nyapara, kurasa zimekakamaa kwa maji na saruji: mvua saa ngapi, vibarua wangapi, pampu imewashwa lini. Ndani yake ilikunjwa kumbukumbu ya kikao cha mjengo cha siku ya 19, imetajwa mvua na uwanja uliochelewa, na mhandisi ameweka sahihi. Hoja yetu yote tuliijenga juu ya karatasi hiyo moja. Upande wa pili ukakubali kulipa sehemu. Sehemu tu, na hilo bado huniuma.

Kwenye kawi ugomvi ni uleule, ila pesa ni nyingi zaidi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Mitambo ilikuwa imeshasimikwa, lakini laini ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuja kuunganishwa Septemba 2018. Mkataba wa kununua stima unaweza kumtaka mnunuzi alipie hata umeme ambao ungezalishwa kama laini ingekuwepo. Ndiyo maana mimi husoma kwanza kifungu cha nani anabeba hasara ya kuchelewa, kabla hata ya kuangalia bei.

Mawakili wenzangu wachanga, nanyi mna mtego wenu. Mkataba ukiwa na kifungu cha usuluhishi, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya korti, na mteja wako ameshtakiwa kortini, kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995 kinakutaka uombe kesi isimamishwe kabla ya kujitokeza rasmi kortini kwa niaba yake (appearance) au kuyakiri madai, au wakati uleule, si baadaye. Ukijibu madai kwanza, umeshakubali korti iamue. Nimeona faili nzuri ikiharibika hapo.

Yule mkandarasi tunawasiliana bado. Kila mjengo wake sasa una kitabu cha barua chenye karatasi ya kaboni, na mvua ikinyesha usiku, notisi iko kwa mhandisi kabla ya chai ya saa nne.