Doa jeusi unyayoni nalo lina mambo yake

"Sisi weusi saratani ya ngozi haitupati, hiyo ni ya Wazungu na wenye ualbino." Kauli hii utaisikia Arua, utaisikia Kampala, na nusu yake ni kweli: rangi yetu hutukinga na jua, na wenye ualbino wamo hatarini zaidi. Ila melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, inayowapata watu weusi mara nyingi haina habari na jua. Hujificha unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo mtu husema "nilijikwaa tu". Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Hapo ndipo dematoskopu inapofaa. Ni lenzi ya mkononi yenye taa, hukuza ngozi takriban mara 10 na kuondoa mng'ao wa juu ili daktari aone rangi iliyo chini. Tazama unyayo wako: una mistari kama shamba la viazi, matuta na mifereji. Doa la kawaida huelekea kufuata mifereji. Melanoma hupenda kukaa kwenye matuta. Jicho tupu halioni tofauti hiyo, hata liwe la profesa.

Lakini tusiipe sifa isiyo yake. Mikononi mwa asiyefunzwa ni kioo cha kukuzia tu. Jibu la mwisho hutoka maabara, baada ya kukatwa kipande kidogo cha ngozi. Doa likitanuka, au kidonda cha unyayo kikigoma kupona, usikubali kupewa marhamu ya tatu. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi.