Shida ya kumeza: chakula kinakwama wapi?

Shida ya kumeza ni hali ya chakula, kinywaji au hata mate kutopita sawasawa kutoka mdomoni hadi tumboni. Yenyewe si ugonjwa, ni dalili. Wala si sawa na maumivu ya kumeza: mwenye mafindofindo yaliyovimba anaumia, lakini chakula kinashuka.

Daktari huuliza kwanza kinakwama wapi. Kama mtu akianza tu kumeza anapaliwa, anakohoa, au maji yanamtokea puani, kasoro iko juu, kwenye misuli ya koo na mishipa ya fahamu inayoiendesha. Kwa watu wazima chanzo kikubwa ni kiharusi. Ndugu humnywesha mgonjwa uji kwa huruma kabla hajapimwa kama anaweza kumeza. Uji ukiingia mapafuni huleta nimonia.

Kama tonge linashuka kooni, kisha baada ya sekunde chache linagoma kifuani, tatizo liko kwenye umio, bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi. Hapo swali la maana ni hili: kipi kilianza kukwama? Maji na ugali vikisumbua kwa pamoja tangu mwanzo, huenda misuli haisukumi au mlango wa chini wa umio haufunguki, ndiyo akalasia. Lakini ikiwa nyama ilianza, ukafuata ugali, kisha wali, na sasa ni uji tu, njia inazidi kuwa nyembamba. Laweza kuwa kovu la kiungulia cha miaka mingi, au kovu la tindikali aliyokunywa mtoto. Yaweza pia kuwa saratani ya umio.

Hiyo ya mwisho kwetu si ya kupuuzwa. Saratani ya umio imeshamiri katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na huko Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek imewaona wagonjwa wasiofika hata miaka 30. Tumbaku na pombe vinahusika. Vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi navyo viliwekwa mwaka 2016, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani.

Ubaya ni kwamba mtu huizoea shida ya kumeza. Anatafuna zaidi, anashushia na maji, anaacha nyama, na nyumbani wanasema hana hamu ya kula. Wengine hukimbilia kukatwa kimeo, ambacho hakihusiki kabisa na umio uliobana na kidonda chake chaweza kutoa damu vibaya. Kipimo kinachohitajika ni endoskopia, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, au eksirei baada ya kumeza dawa nyeupe ya bariamu.

Chakula kikikwama ghafla hata mate hayapiti, nenda hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyemeza betri ndogo ya duara: ndani ya saa 2 inaweza kuunguza umio.