Anakusoma vizuri, ila haumii

Dhana: Mwenye tabia za kisaikopathi (kukosa huruma, uongo wa mazoea, kutojutia) hajui mwenzake anahisi nini.

Wengi wanajua, tena barabara. Wanasaikolojia hutenganisha mambo mawili: kuzitambua hisia za mtu, na kuguswa nazo. Tapeli anayempa mjane maneno yaleyale aliyotamani kuyasikia amemsoma vilivyo. Kinachopwaya ni hilo la pili: mjane akilia, yeye hasumbuki. Hata kwenye kutambua kuna pengo. Wakionyeshwa picha za nyuso, mara nyingi hujikwaa kwenye uso wenye hofu, na amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na hofu, huitikia kinyonge.

Dhana: Basi hawana kabisa uwezo wa kuhisi uchungu wa mwingine.

Hapa mambo yana utata mtamu. Mwaka 2013 Harma Meffert, Christian Keysers na wenzao nchini Uholanzi walichapisha utafiti kuhusu wahalifu wenye saikopathi, waliopimwa ubongo huku wakitazama video za mikono: mmoja ukiupapasa mwingine, au ukiupiga. Walipoachwa watazame tu, sehemu zinazoitikia maumivu ya mwingine ziliamka kidogo kuliko za watu wa kawaida. Walipoambiwa wajitahidi kuhisi anachohisi mwenye mkono, tofauti ile ilipungua sana. Yaani uwezo upo kwa kiasi, ila haujiwashi wenyewe. Kama jambo hilo laweza kugeuzwa tiba, hapo sitakimbilia kushangilia: kuweza na kutaka ni vitu viwili.

Dhana: Kila asiye na huruma ana saikopathi.

Shemeji anayekaa mkavu msibani mwacheni. Kipimo cha saikopathi cha mwanasaikolojia Robert Hare, kiitwacho PCL-R, kina vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2. Marekani aghalabu mtu huhesabiwa kuwa na saikopathi akifikisha 30 kati ya 40. Ukosefu wa huruma ni kipengele kimoja tu, pamoja na uongo wa mazoea, kukurupuka na kutojutia. Na anayepima ni mtaalamu aliyefunzwa, mwenye mahojiano na kumbukumbu za mtu mkononi, si mke aliyekasirika.

Dhana: Wenye usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo) nao ni hivyohivyo.

Hili linaniudhi kuliko yote. Mwenye usonji huenda asiusome uso wako, lakini mwambie umeumia, na mara nyingi ataumia nawe.