Lainibeki Si Mtu Mmoja, Jamani

Jumamosi nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi wangu, Mkongo wa hapa Grand Rapids anayeifuatilia Lions, timu ya Detroit ya mpira wa miguu wa Kimarekani, kuliko wengi waliozaliwa Michigan. Wembe uko shingoni kwangu, akaniuliza: "Kocha, ile kijana mulichukua raundi ya kwanza, seki zake ziko wapi?" Kijana mwenyewe ni Jack Campbell, lainibeki, yaani mlinzi anayecheza nyuma au pembeni ya mstari wa mbele. Seki ni kumwangusha kwotabeki, mpiga pasi wa wapinzani, kabla hajautoa mpira. Swali lenyewe naulizwa tangu Aprili 2023: kanisani, kazini, msibani mara moja. Mwenye wembe habishiwi, kwa hiyo nilinyamaza. Jibu lake hili hapa.

Nafundisha malainibeki wa shule ya sekondari. Ijumaa mechi, Jumatatu filamu. Nikipandisha sauti mnisamehe.

Tukumbushane usiku ule. Drafti, ambapo timu za ligi huchagua wachezaji wapya kwa zamu, ilifanyika Kansas City. Lions walikuwa na zamu namba 6, wakaipeleka Arizona, wakashuka hadi 12 na kumchukua Jahmyr Gibbs, mkimbiaji. Watu wakashika vichwa. Namba 18 wakamchukua Campbell kutoka Iowa, na hapo hata waliokuwa wamekaa wakasimama. Hoja ya mashabiki ilikuwa kwamba nafasi hizo mbili ni za bei rahisi na unazipata raundi ya tatu; raundi ya kwanza ni ya kwotabeki, wa kumlinda kwotabeki na wa kumwangusha kwotabeki. Asubuhi yake wachambuzi wakagawa alama kama mitihani ya darasa la saba, kwa mtu ambaye hajapewa hata kabati la viatu.

Hoja ya bei si ya kijinga, nitairudia. Kinachonichoma ni seki.

Neno lainibeki limebeba kazi mbili zisizofanana. T.J. Watt wa Pittsburgh ameandikwa lainibeki. Campbell naye ameandikwa lainibeki. Watt anasimama ukingoni mwa mstari, na snepu ikitoka, yaani mpira ukianza kuchezwa, anamtafuta kwotabeki, basi. Campbell anasimama katikati, yadi nne au tano nyuma ya wanaume wa mstari wa mbele, na huwa anatumwa kumfuata kwotabeki mara moja moja tu, kocha akiamua kucheza pata potea. Kumpima kwa seki ni kumzomea namba sita kwa sababu hajafunga mabao. Na wanaoniuliza ni watu waliokulia kwenye soka, wanaojua vizuri kiungo mkabaji anafanya nini! Wakivaa jezi ya Lions wanasahau.

Kuchanganyikiwa huku hakukuanza na mashabiki. Ligi yenyewe imewatia wote kapu moja. Mchezaji wa raundi ya kwanza anasaini miaka minne, na timu ina hiari ya mwaka wa tano kwa bei inayotokana na mishahara ya wenzake wa nafasi hiyo. Kwenye kapu la malainibeki mmejaa akina Watt, wenye mishahara ya kuangusha makwotabeki. Kwa hiyo mwaka wa tano wa mtu wa katikati unauzwa kwa bei iliyopandishwa na watu wa pembeni. Mameneja wengi wanaijua hesabu hii na inawatia uoga. Mashabiki wanaolalamikia bei hawaisemi kabisa, na ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote.

Sasa twende uwanjani. Wiki iliyopita nilisimamisha filamu kwenye picha moja. Lainibeki wangu wa katikati ana miaka 16, ana nguvu, ana mbio. Kazi yake kabla ya yote ni kumtazama gadi, mmoja wa wanaume wa mstari wa mbele wa wapinzani. Helmeti ya gadi ikishuka, ni mbio; ikipanda, ni pasi. Kwotabeki wa wapinzani akamfanyia mkimbiaji danganya toto, mpira akabaki nao. Helmeti ya gadi ilikuwa juu, wazi kabisa, ukiisimamisha filamu unaiona. Lakini kijana wangu alikuwa anatazama mpira. Akapiga hatua moja mbele. Moja tu, fupi, ya nusu mita hivi. Taiti-endi, mpokeaji anayejipanga mwisho wa mstari, akapita nyuma ya mgongo wake, mpira ukamkuta peke yake, yadi 18. Jukwaani wazazi wakamzomea beki wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyeonekana akikimbiza mtu.

Hiyo hatua haina safu kwenye takwimu. Asipoipiga, kwotabeki anamkuta mpokeaji wake amezibwa, anashika mpira sekunde moja zaidi, na mtu wa pembeni anamfikia. Seki inaandikwa kwa mtu wa pembeni. Kinyozi wangu anashangilia mtu wa pembeni.

Bado kuna redio. Beki mmoja tu uwanjani anavaa helmeti yenye kidoti cha kijani na kusikia sauti ya kocha, na sauti inakatika saa ya kuanzisha kila mchezo ikibaki na sekunde 15. Baada ya hapo wapinzani wakihama, yeye ndiye kocha. Lions kazi hiyo ilikuwa ya Alex Anzalone mpaka alipovunjika mkono Novemba 2024, ikamwangukia Campbell katikati ya msimu.

Kwamba ni kazi mbili, mtazameni Zack Baun. New Orleans walimchukua raundi ya tatu 2020, wakamhangaisha miaka minne, hasa pembeni na kwenye timu za mateke. Philadelphia wakamsaini 2024 kwa mwaka mmoja, wakamsogeza katikati, akaishia kikosi cha kwanza cha All-Pro, orodha ya wachezaji bora wa ligi, na kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2025 akamnyang'anya Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, mpira. Mtu ni yule yule. Micah Parsons kaenda njia ya kinyume: Dallas walimchukua namba 12 mwaka 2021 kama lainibeki wa kawaida wa katikati, akaishia pembeni; leo hakuna anayemkumbuka hivyo.

Na mkishangilia mnakosea vile vile. Isaiah Simmons, namba 8 mwaka 2020, alipokewa Arizona kwa vigelegele: anacheza kila nafasi! Mimi mtu akiniambia mchezaji anacheza kila nafasi, nauliza ipi anaijua. Miaka mitatu baadaye alipelekwa Giants wa New York kwa chaguo la raundi ya saba.

Msinijibu kwa takolo pia, yaani kumwangusha aliyeshika mpira. "Campbell ana takolo 131 msimu wa 2024!" Sawa, lakini takolo inahesabiwa na watu walioko juu ya uwanja wa mwenyeji, na macho ya kila uwanja ni tofauti. Halafu takolo yadi moja baada ya mstari na takolo yadi tisa baadaye zote zinaandikwa moja. Nimewahi kuwa na kijana aliyeongoza timu kwa takolo kwa sababu alikuwa anachelewa kila mchezo, akimkuta mkimbiaji ameshapata anachotaka.

Haya, na mimi nivuliwe nguo kidogo. Aprili ile nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Nilimpenda Campbell, ana futi sita na inchi tano na alikuwa ameshinda tuzo ya Butkus, ya lainibeki bora wa vyuo, ila namba 18 niliiona ghali. Nikitazama filamu zake leo naona helmeti za magadi anazisoma, lakini sijui kocha aliita nini. Naweza kumsifu kwa kuziba mwanya ambao haukuwa wake, au kumlaumu kwa kosa la mwenzake. Wote tunaochambua filamu tuko hivyo, hatusemi tu. Na kusoma kwenyewe hakuna saa inayokupima kabla ya drafti. Mbio za yadi 40 zina saa.

Tena bei. Malainibeki wakubwa wa katikati walipatikana baada ya raundi ya kwanza: Bobby Wagner alikuwa namba 47. Fred Warner namba 70. Ushindi wa Lions dhidi ya Tampa Bay Januari 2024 aliufunga lainibeki mwingine, Derrick Barnes, wa raundi ya nne, kwa kumnyang'anya kwotabeki wao Baker Mayfield mpira. Na Seattle walipowapiga Denver 43-8 Februari 2014, mchezaji bora wa Super Bowl alikuwa lainibeki Malcolm Smith, wa raundi ya saba, namba 242. Kinyozi wangu hajaligundua hilo bado. Akiligundua, itabidi nitafute kinyozi mwingine.