Kwa nini chupa za plastiki haziishi mitoni, na ahadi zote hizo?

Chupa mbili za soda zikiingia mtoni, moja imefungwa kifuniko na nyingine iko wazi, hazifiki mbali sawa. Iliyofungwa huelea na kusafiri kwa hewa iliyomo ndani. Ya wazi hujaa maji na kuzama, kwa kuwa plastiki yake, PET, ni nzito kuliko maji. Kwa hiyo lile rundo linalonasa kwenye nguzo za daraja ni sehemu tu. Zilizobaki zimelala kwenye matope.

Zilifikaje huko, ilhali kampuni kubwa za vinywaji zimeahidi kurejeleza? PET yenyewe haina tatizo. Ni miongoni mwa plastiki rahisi kurejeleza: husagwa, huoshwa, huyeyushwa, hutengenezwa upya. Ila kiwanda hakisagi chupa ambayo hakuna aliyeiokota. Maneno “inaweza kurejelezwa” yanaeleza sifa ya plastiki, hayasemi nani ataifuata. Hata ile namba 1 ndani ya mishale mitatu iliyo kwenye chupa hutaja aina ya plastiki tu. Katika taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi 2015, zilizorejelezwa ni takriban asilimia 9.

Ahadi nyingine hupimwa kwa asilimia, na hapo ndipo penye ujanja. Kampuni ikiuza chupa 100 zisizo na plastiki iliyorejelezwa, kisha ikauza 250 ambazo nusu ya plastiki yake imerejelezwa, ripoti itapendeza. Lakini plastiki mpya imeongezeka, na chupa za kuokota ni 150 zaidi. Mto hausomi ripoti.

Tena ahadi ya hiari hurekebishwa na aliyeitoa. Mwaka 2018 Coca-Cola ilisema kwamba kufikia 2030 ingekusanya na kurejeleza chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza. Mwaka 2022 ikaongeza lengo la kuuza robo ya vinywaji vyake katika vyombo vya kutumika tena. Desemba 2024 yakaja malengo mapya: kusaidia ukusanyaji wa asilimia 70 hadi 75, tena kufikia 2035. Ile robo haikuonekana tena.

Kinachofanya kazi kinajulikana siku nyingi: amana. Mnunuzi hulipa kiasi kidogo juu ya bei, na akirudisha chupa hurudishiwa. Ujerumani inatoza senti 25 za yuro, na chupa nyingi mno hurudi. Isiyorudishwa na aliyeinunua huokotwa na mwingine, maana ni pesa. Lithuania ilianza 2016, na ndani ya miaka miwili urejeshaji ukapanda kutoka takriban theluthi moja hadi zaidi ya asilimia 90.

Cha kuchekesha ni kwamba kampuni za soda zilitumia mbinu hiyohiyo enzi za chupa za kioo, kwa sababu chupa ilikuwa mali yao na waliitaka irudi. Ilipokuja ya kutumika mara moja, nyingi zikapinga kwa miaka sheria za amana, hasa Marekani.

Umoja wa Ulaya sasa umeweka kiwango kwenye sheria: ifikapo 2029, nchi wanachama ziwe zinakusanya asilimia 90 ya chupa za plastiki za vinywaji. Nchi isiyotimiza inaweza kushtakiwa.