Je, Wajua? Mashine Inayopima Uzito Tu Inatambuaje Umbo la Protini

Ukiishi Bagamoyo, neno kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea, umeshalisikia hata kama hukusoma biolojia. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo hapa kimeshiriki majaribio ya chanjo za malaria kwa miaka mingi. Kimeshiriki ya RTS,S, kikaja kushiriki ya R21 ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, na pia ya chanjo ambayo bado inafanyiwa utafiti, inayotegemea protini ya kimelea iitwayo RH5. Kwa chanjo hiyo ya mwisho walichanjwa watu wazima, watoto na hata wachanga, damu ikachukuliwa, kingamwili zikapimwa. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kuwa wachanga walitengeneza kingamwili nyingi kuliko watu wazima.

Ni habari njema, ila wingi wa kingamwili hautoshi. Lazima ijulikane pia zinaing'ang'ania RH5 sehemu gani. Kimelea hutumia protini hiyo kushika basijini, protini nyingine iliyo juu ya chembe nyekundu ya damu, na mshikano huo uliogunduliwa 2011 ndio unaomfungulia kimelea wa falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, njia ya kuingia. Kingamwili ikikaa juu ya sehemu ya mshikano, njia imezibwa. Ikikaa kwingine, huenda isizuie chochote.

Kati ya vyombo vinavyotumika kutafuta sehemu kama hizo kimo kimoja ambacho mtu hakitarajii: spektromita ya masi. Hii ni mashine ya kupima uzito. Haina lenzi wala haipigi picha. Basi inajuaje protini imekunjika vipi na imeshikana na nani?

Kwanza tuone inavyopima. Protini huyeyushwa kwenye maji, yakapitishwa katika sindano nyembamba mno iliyounganishwa na umeme wa volti elfu moja au zaidi. Pale kwenye ncha maji hugeuka ukungu wa matone madogo. Matone hukauka yakiwa njiani, na protini hubaki peke yake, ikiwa imebeba chaji za umeme. Huvutwa hadi ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, na kurushwa kwa nguvu ya umeme. Protini zenye chaji sawa zikirushwa pamoja, nyepesi hutangulia na nzito huchelewa, na muda wa safari hutoa uzito. Ukungu huo ulimpatia John Fenn wa Marekani sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2002, pamoja na Koichi Tanaka wa Japani, ambaye yeye alizirusha protini kwa kutumia leza. Kabla ya mbinu zao, molekuli kubwa namna hii zilikuwa zikisambaratika kabla hazijapimwa.

Usahihi wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Mnyororo wa beta wa himoglobini ya kawaida, protini inayobeba oksijeni katika damu, una uzito wa daltoni 15,867, na daltoni moja ni takriban uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Kwa mgonjwa wa selimundu, asidi amino ya sita, yaani pingili ya sita ya mnyororo huo, imebadilika, badala ya asidi glutamiki ipo valini, na uzito unashuka kwa daltoni 30. Mashine inaiona tofauti hiyo bila taabu. Yale maumivu ya mifupa yanayowakesha watoto na mama zao wodini chanzo chake ni hizo daltoni 30 tu kati ya karibu 16,000, na mimi kila nikiifikiria hesabu hii naona haki kabisa watu kutumia maisha yao yote kuzipima protini.

Hata hivyo huo bado ni uzito. Umbo huanza kuonekana pale protini inapofanyiwa jambo fulani ikiwa bado imejikunja, jambo linaloacha alama ambayo mizani itaisoma baadaye.

Jambo rahisi kuliko yote ni kuiacha bila kuivuruga. Ukiyeyusha himoglobini kwenye asidi na alkoholi, minyororo yake minne huachana na kila mmoja hupimwa peke yake. Ukitumia maji yasiyo na asidi, yenye chumvi iitwayo asetati ya amonia, minyororo hufika mwisho wa safari ikiwa bado imeshikana, na mizani husoma takriban 64,450: alfa mbili, beta mbili, na hemu nne zilizobeba madini ya chuma. Chumvi ya mezani haifai hapa, kwa kuwa sodiamu hugandamana na protini na kuharibu kipimo, wakati asetati ya amonia hupotea pamoja na mvuke. Pia protini iliyojikunja vizuri hubeba chaji chache kuliko iliyofumuka, kwa hiyo hata idadi ya chaji ni dalili ya umbo.

Wengi hawakuamini kwamba protini zinaweza kuendelea kushikana ndani ya ombwe bila tone la maji. Aliyefanya kazi kubwa ya kuwathibitishia ni Carol Robinson wa Uingereza. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akaajiriwa fundi wa maabara, akasoma huku akifanya kazi, baadaye akapata shahada ya uzamivu Cambridge, kisha akapumzika miaka 8 kulea watoto. Aliporudi alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa kemia Cambridge, na baadaye Oxford. Binti wa kwetu aliyeambiwa kuwa amechelewa kurudi darasani amsome mama huyu.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Chukua kanga iliyokunjwa, ichovye kwenye rangi mara moja, uitoe. Ukiikunjua utaona pande zilizokuwa nje zimeshika rangi na za ndani zimebaki kama zilivyokuwa. Kwa protini, rangi ni maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ina uzito maradufu. Kwenye uti wa mnyororo wa protini kuna haidrojeni zinazobadilishana na za maji yaliyoizunguka. Zilizo wazi hubadilishana kwa sekunde chache, ila zilizofichwa ndani, au zilizofunikwa na protini nyingine, huchukua saa nyingi. Kila badiliko moja huongeza takriban daltoni moja.

Kazi yenyewe inataka wepesi wa mikono. Baada ya sekunde au dakika zilizopangwa, mtafiti humwagia asidi iliyopoa kama barafu ili kusimamisha mabadilishano, maana hayasimami kabisa, hupungua kasi tu. Protini hukatwa vipande kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kilichochaguliwa kwa sababu hufanya kazi vizuri kwenye asidi kali. Mabomba ya kupeleka vipande kwenye mashine nayo huwekwa kwenye baridi. Ukizubaa, haidrojeni nzito inarudi kwenye maji ya kawaida na alama inafutika.

Jaribio hurudiwa mara mbili, protini ikiwa peke yake kisha ikiwa na kingamwili. Kipande ambacho ongezeko lake la uzito mara ya pili ni dogo kuliko la mara ya kwanza ndicho kimefunikwa. Tahadhari moja ni muhimu: wakati mwingine kipande cha mbali hukakamaa kwa sababu kingamwili imebana kwingine, nacho pia hupunguza mabadilishano. Kwa hiyo ramani ya aina hii huhitaji ushahidi wa pili.

Ushahidi huo unaweza kutoka kwa viunganishi, molekuli fupi zinazofunga laisini (aina ya asidi amino) mbili zilizo karibu. Kiunganishi kinachotumika sana kina urefu wa takriban nanomita moja, hivyo vipande viwili vikikutwa vimefungwa pamoja, inajulikana kuwa vilikuwa jirani. Picha kamili ya atomu bado hutoka kwenye fuwele na eksirei au hadubini ya elektroni. Lakini fuwele huionyesha protini ikiwa imetulia. Maji mazito huonyesha inavyotikisika, na kwa chanjo naona hilo lina uzito uleule.

Kwa RH5, kujua kingamwili inakaa wapi kumeleta jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Mwaka 2019 watafiti walichapisha habari za kingamwili za binadamu ambazo zikiwa peke yake hazimzuii kimelea, lakini humchelewesha anapoingia kwenye chembe. Ucheleweshaji huo huzipa kingamwili za kuzuia muda wa kutosha kuishika RH5 kabla mlango haujafungwa nyuma ya kimelea, na zote mbili huweza kukaa juu ya protini hiyo moja kwa wakati mmoja bila kusukumana.